Kinachong'aa si lazima kiwe sumu

Mahindi mapya yanapoanza kushuka mjini kutoka bonde la Imbo, swali moja hunifuata kila ninapopita Bujumbura. Huniuliza wenye mashine za kusaga kule Buyenzi, huniuliza akina mama wanaochambua karanga kwenye ungo, na safari hii ameniuliza hata daktari mmoja, rafiki wa siku nyingi. Wote wameona video ya aina moja kwenye simu: mtu amezima taa, ameshika tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti, anamulika punje za mahindi. Baadhi zinawaka rangi ya kijani yenye umanjano, naye anazitupa. "Mwalimu, hii tochi si ndiyo inayoonyesha sumukuvu?" Jibu langu ni hapana, au tuseme si kwa namna wanayodhani.

Jibu hilo likiachwa hivyo linawapunja waliouliza. Tochi ile inafanya kemia halali kabisa, kemia ambayo leo inapima damu, maji, dawa na chakula katika maabara za dunia nzima. Wataalamu huiita floresensi: molekuli inameza mwanga wa aina moja na kutema mwanga wa aina nyingine. Kinachowaponza watu ni haraka ya kuamini kwamba kila kinachong'aa kimejitaja jina.

Tuanze na kwinini, maana ndiko sayansi hii ilikoanzia, na ni dawa ya huku kwetu. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, unateremka karibu mita 700, kisha unaingia Ziwa Tanganyika kando ya Bujumbura. Huko juu kwenye chanzo kipo kiwanda cha Pharmakina, ambacho kwa miongo mingi kimekuwa kikitoa kwinini kwenye magome ya mkwinini wa milima ya Kivu. Huku chini bondeni ndiko malaria iliko. Ni nadra kukuta familia ya bonde hili isiyojua uchungu wa dawa ile na jinsi masikio yanavyovuma baada ya kuimeza. Wanaojua kwamba inang'aa ni wachache. Chukua chupa ya tonic, soda ile chungu yenye kwinini kidogo ndani yake, funga mapazia, imulike kwa tochi ya noti. Kinywaji kisicho na rangi kitawaka buluu, na buluu yenyewe itakuwa upande wa tochi zaidi kuliko upande wa pili. Shika hilo la upande, tutalirudia.

Mwaka 1845 John Herschel wa Uingereza aliona jambo hilohilo kwa mwanga wa jua. Myeyusho wake wa kwinini ulitoa buluu kwenye uso tu, pale mwanga ulipoingilia. Akauchukua mwanga uliokwisha kupita kwenye kwinini na kuupitisha kwenye chombo cha pili cha kwinini ileile. Chombo cha pili hakikung'aa. Mwanga ulikuwa umenyang'anywa kitu njiani, lakini Herschel hakujua ni kitu gani. Miaka 7 baadaye, 1852, George Gabriel Stokes wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliutandaza mwanga wa jua kwa prizimu ukawa mkanda wa rangi, akasogeza tyubu ya kwinini polepole kutoka nyekundu kuelekea urujuani. Kwenye nyekundu, kimya. Kwenye kijani, kimya. Tyubu ilipovuka ukingo wa urujuani na kuingia mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, ikawaka buluu. Kilichonyang'anywa kilikuwa miale ya urujuanimno, na kilichorudishwa kilikuwa mwanga unaoonekana.

Maelezo ya leo ni haya. Molekuli ya kwinini ina pete mbili zilizoshikana, na baadhi ya elektroni za pete hizo hazikai kwenye atomu moja bali zinatembea pete nzima. Mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 350 hivi unapoifikia, elektroni mojawapo hurushwa kwenye ngazi ya juu ya nishati. Molekuli inatikisika, inagongana na maji yaliyoizunguka, na katika muda mfupi usioelezeka inapoteza sehemu ya nishati kama joto. Inakaa hivyo kwa karibu nanosekunde 20, kisha elektroni inaanguka na nishati iliyobaki inatoka kama mwanga wa nanomita 450, yaani buluu. Kwa kuwa sehemu imepotea njiani, mwanga unaotoka huwa na nishati ndogo kuliko ulioingia. Pengo hilo kati ya mawimbi mawili linaitwa mhamo wa Stokes, na ndilo linalomwezesha mkemia kuzuia kwa kichujio mwanga wa taa yake mwenyewe na kuuacha upite ule wa molekuli peke yake.

Molekuli nyingi hazina kipaji hiki. Zinameza mwanga na kuupoteza wote kama joto, kwa kujikunja, kujizungusha na kujitikisa. Zinazong'aa aghalabu ni bapa na ngumu. Mfano ninaoupenda kuwaonyesha wanafunzi ni wa molekuli mbili zinazokaribia kuwa pacha: fenolftaleini, ile inayogeuka waridi kwenye besi, na floreseini, rangi ya kijani kali iliyotengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871. Tofauti kubwa ni daraja moja la oksijeni linalozifunga pete za floreseini zisizunguke. Yenye daraja inawaka hata ikiwa chembe kidogo sana kwenye pipa la maji. Isiyo na daraja haiwaki kabisa.

Kwa nini wakemia wamejifunga na jambo hili kwa zaidi ya miaka 150? Sababu yake ni giza. Njia ya kawaida ya kupima kitu kwenye myeyusho ni kupitisha mwanga na kuona umepungua kiasi gani. Kitu kikiwa kidogo sana, unalazimika kulinganisha mwanga mkubwa ulioingia na mwanga mkubwa uliotoka, na tofauti yenyewe inamezwa na kutetereka kwa taa. Floresensi inageuza hesabu hiyo. Mchana huwezi kuhesabu mitumbwi ya wavuvi wa ndagala kutoka ufukweni Bujumbura; imepotea kwenye mng'aro wa maji. Usiku usio na mwezi kila taa inajihesabu yenyewe, hata ile iliyo mbali kuelekea upande wa Uvira. Mkemia anaangalia taa dhidi ya giza, kwa hiyo anaweza kwenda chini mara 1,000 au zaidi ya pale njia ya kufyonza mwanga inapokomea. Mwaka 1990 Michel Orrit na Jacky Bernard walifika mwisho wa njia hiyo: waliona floresensi ya molekuli moja moja ndani ya fuwele iliyogandishwa. Na kama ambavyo wavuvi hawahangaiki sana kwenda ziwani mwezi unapokuwa mpevu, mkemia naye hushindwa pale giza lake linapochafuka. Baadhi ya makosa nitakayoyataja hapa ni ya mwezi mpevu, mengine ni ya taa iliyozimwa.

Malaria ndiyo iliyoitoa floresensi kwenye maonyesho ya ukumbini na kuifanya kifaa cha kazi. Java ilipotekwa na Japani mwaka 1942, dunia ya Washirika ilipoteza shamba lake kuu la mkwinini. Haikuwa mara ya kwanza vita kuisumbua dawa hii: katika vita vya kwanza Wajerumani wa Afrika Mashariki, waliozingirwa baharini, walijitengenezea kwinini kwa magome ya miti ya kituo chao cha Amani kule Usambara. Safari hii Wamarekani walikimbilia kwinakrini, dawa ya manjano iliyotengenezwa kiwandani, ambayo askari waliichukia kwa sababu iliwageuza ngozi kuwa ya manjano na kuwapa kichefuchefu. Hakuna aliyejua kipimo sahihi. Katika hospitali ya Goldwater Memorial, New York, kundi la James Shannon, akiwamo Bernard Brodie na kijana Sidney Udenfriend, lilitumia mng'ao wa dawa yenyewe kuipima ndani ya plazma ya damu. Wakagundua kwamba dawa ilijificha kwenye tishu na kuchelewa kujaa kwenye damu. Kumbe mgonjwa alihitaji dozi kubwa mwanzoni, kisha ndogo za kushikilia. Baada ya vita Robert Bowman, katika taasisi za taifa za afya za Marekani kule Bethesda, alitengeneza mashine inayoweza kuchagua wimbi la kuingiza na wimbi la kupokea, na katikati ya miaka ya 1950 ikaanza kuuzwa. Floromita zilizoko kwenye maabara zetu ni wajukuu wa mashine ile.

Sasa turudi kwenye upande wa chupa. Mwanafunzi anayejifunza floromita huandaa myeyusho mkali wa kwinini akitarajia namba kubwa. Namba inashuka. Anaongeza kwinini, inashuka zaidi. Anadhani mashine imeharibika, kumbe anaona alichokiona Herschel. Tabaka la mbele la myeyusho limemeza mwanga wote wa urujuanimno. Linang'aa lenyewe, na nyuma yake ni giza. Kipokeo cha mashine kimewekwa pembeni, kikitazama katikati ya kikombe, mahali ambapo mwanga haukufika. Kinga yake ni rahisi mno: zimua sampuli mara kumi, pima tena. Kama namba haikushuka mara kumi, ya kwanza ilikuwa uongo. Nasikitika kusema kwamba nimepitia ripoti zenye mihuri yote ambazo aliyeziandika hakuzimua hata mara moja.

Mtego wa pili unaweza kuuona mezani kwako. Chupa ile ya tonic ikiwa bado inawaka buluu, tia kijiko cha chumvi ya mezani, koroga. Buluu inafifia mbele ya macho yako. Kwinini haijaondoka, haijaoza, iko palepale na ina uchungu uleule. Ioni za kloridi zinaigonga molekuli katika zile nanosekunde 20 za kusubiri na kuipokonya nishati kabla haijatoa mwanga. Maabara inayopima kwinini kwenye vidonge kwa kutumia asidi ya kloridi badala ya asidi ya salfa, kwa sababu tu ndiyo iliyokuwapo kabatini, itatangaza kwamba vidonge vizuri ni bandia. Kwa hiyo kitu chenye mng'ao kinaweza kuwapo kikiwa kimezimwa, na maelezo ya kuzimwa huko hayaandikwi popote kwenye mashine.

Wakemia wenye akili wameugeuza udhaifu huo kuwa chombo. Jamaa wa karibu wa kwinini walitengenezwa katika miaka ya 1980 ili wapime kloridi ndani ya seli hai: kadiri wanavyozimika, ndivyo kloridi ilivyo nyingi. A. Prasanna de Silva, mzaliwa wa Sri Lanka anayefanya kazi Belfast, alikwenda mbele zaidi. Molekuli zake zina swichi: zimezimwa mpaka ioni fulani ijishike kwenye pembe yake, ndipo ziwake. Mwaka 1993 alionyesha molekuli inayowaka pale tu ioni mbili tofauti zinapokuwapo kwa pamoja, na sensa za ukoo huo zimeingia kwenye mashine za hospitali zinazopima sodiamu na potasiamu kwenye damu. Kipimo cha PCR nacho ni mbinu ileile ya kuzima na kuwasha: kipande cha DNA kinabeba rangi na kizimaji chake, na rangi inawaka pale tu kipande kinapojishika kwenye chembe za urithi zinazotafutwa. Julai 2020, Burundi ilipoanza kampeni kubwa ya kupima Covid-19 hapa Bujumbura, kila jibu la PCR lilikuwa, kwa lugha ya kemia, swali la kama tyubu imeng'aa na katika mzunguko wa ngapi. GeneXpert inayopima kifua kikuu hufanya vivyo hivyo.

Tukifika kwenye sumukuvu, Afrika Mashariki haiko pembeni ya hadithi. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa wa ini usio na jina. Kidole kilielekezwa kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil. Ingekuwa rahisi kuishia hapo, lakini vifaranga vya bata vilikuwa vikifa pia Kenya na Uganda, kwa mashudu ya karanga za huku huku. Sampuli ya karanga za Uganda yenye sumu kali ndiyo iliyowapa watafiti kuvu wa Aspergillus flavus. Kisha wakemia wakaanza kuitenga sumu: wanachuja, wanatandaza kwenye karatasi, wanamulika kwa taa ya urujuanimno, wanakata doa linalong'aa, wanawalisha vifaranga. Mng'ao uliwaongoza hadi kwenye sumu yenyewe. Kati ya sumu hizo, aflatoksini, zilizong'aa buluu ziliitwa B, zilizong'aa kijani zikaitwa G, kwa herufi za kwanza za Kiingereza, na aflatoksini B1 ikaonekana kuwa mbaya kuliko zote. Ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana bila shaka kusababisha saratani ya ini, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari inaongezeka maradufu na zaidi.

Ukanda wetu umelipa gharama. Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu katika Makueni, Kitui na jirani zake yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Tanzania, mwaka 2016, waliugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na B1 peke yake isizidi 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu 1 kwenye tani 100. Hicho ndicho ambacho watu wanatarajia tochi ya noti ikione.

Kinachowaka kijani chenye umanjano kwenye punje si aflatoksini. Ni zao la asidi ya kojiki, kitu kingine kinachotengenezwa na kuvu huyohuyo, baada ya kubadilishwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya punje mbichi. Kutokana na hilo yanafuata mambo mawili yasiyofurahisha. Kuna aina za kuvu zinazotengeneza asidi ya kojiki bila kutengeneza sumu. Punje itang'aa nawe utatupa chakula kizuri. Na punje iliyokauka muda mrefu, kimeng'enya chake kikiwa kimekufa, inaweza kubeba sumu na isitoe mng'ao wowote. Nyuzi za gunia zenye sabuni zitawaka kwa uzuri kuliko vyote. Kwa hiyo tochi inaweza kumwambia mtu wa ghala kwamba shehena hii ichunguzwe. Haiwezi kumwambia kwamba ile ni salama, na hapo ndipo video za simu zinapokuwa hatari. Mama anayechambua karanga kwenye ungo, akitupa zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, anaondoa sumu nyingi kuliko tochi, kwa macho yake na bila betri.

Ndani ya maabara mambo yana utaratibu zaidi, lakini mitego haiishi. Tunasaga, tunaloweka kwenye methanoli na maji, tunapitisha kwenye kolamu yenye kingamwili zinazozishika aflatoksini tu, halafu mashine ya kromatografia inazitenganisha moja baada ya nyingine mbele ya kipokea mwanga. Utenganishaji huu ndio unaorudisha giza. Lakini kwenye mchanganyiko wenye maji mengi, B2 na G2, ambazo ni hafifu kwa sumu, zinang'aa vizuri, ilhali B1 na G1 zinazimwa na maji yenyewe. Ile mbaya kuliko zote ndiyo yenye mng'ao dhaifu. Inabidi kuzibadilisha kwanza, kwa iodini, kwa bromini au kwa kuzipitisha chini ya taa kali, ili ziwake sawasawa. Anayeruka hatua hiyo, au anayeifanya kwa kitendanishi kilichokwisha nguvu, atapata karatasi nzuri yenye B1 kidogo sana.

Kuna kosa jingine kubwa kuliko hayo yote, na halihusu mwanga. Sumukuvu haijatawanyika sawasawa. Punje chache ndani ya gunia zinaweza kubeba karibu sumu yote, na aliyechota kikombe kimoja juu ya gunia amepima bahati yake. Ukiniuliza mfadhili aweke wapi fedha zake, nitasema aanze na vifaa vya kuchukulia sampuli, kinu kikubwa cha kusaga sampuli nzima, aflatoksini rejea zilizothibitishwa, na mshahara wa fundi anayejua kuzimua. Mashine kubwa ije baadaye. Nimeona mahali ambapo mashine ya thamani ya nyumba imefunikwa kitambaa kwa sababu taa yake ya ksenoni imekwisha na hakuna fungu la kununua nyingine.

Ziwani nako floresensi inafanya kazi kila siku. Klorofili ya mwani mdogo inameza mwanga wa buluu na kutoa mwekundu wa nanomita 685 hivi, na tangu Carl Lorenzen aonyeshe mwaka 1966 kwamba mwani hai unaweza kupimwa hivyo bila kuuchuja, watafiti huteremsha floromita kwa kamba na kusoma wingi wa mwani mita kwa mita. Kwa Ziwa Tanganyika hilo si jambo la kitaaluma tu. Mwani ndio unaolisha wadudu wadogo wa majini wanaoliwa na ndagala, na ndagala ndiye anayemlisha mukeke. Mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa ulioendeshwa na FAO kwa fedha za Finland kuanzia 1992 ulikuwa na makao yake hapa Bujumbura, ukiwa na vituo pia Kigoma na Mpulungu. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake, wakisoma kaboni iliyomo kwenye tope la chini na joto la maji linalopanda, walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa karibu asilimia 20. Mjadala uliofuata kuhusu samaki, kama ni joto au ni nyavu, bado unahitaji vipimo vya mwani vilivyochukuliwa kwa uangalifu. Uangalifu wenyewe ni wa saa. Jua la mchana linapowaka, mwani wa juu hujikinga kwa kugeuza mwanga wa ziada kuwa joto, na mng'ao wake unashuka ingawa hakuna uliokufa. Anayepima saa 6 mchana ataandika kwamba uso wa ziwa ni maskini. Akirudi alfajiri atakuta utajiri uliokuwapo jana.

Maji yenyewe, hata bila mwani, yana mng'ao wa buluu hafifu unaotokana na masalia ya majani na udongo yaliyoyeyuka. Watafiti wa maziwa hupima mng'ao huo kwa kipimo cha kwinini: maji haya yanang'aa sawa na mikrogramu kadhaa za kwinini salfeti kwa lita. Dawa iliyotokana na magome ya mti imekuwa rula ya kupimia ziwa, kwa sababu ni imara na inapatikana kila mahali, na kati ya kila fotoni 100 inazozimeza inarudisha karibu 55, namba ambayo maabara yoyote inaweza kuikagua.

Mimi ningependa rula hiyo ianze kwenye mito ya mji: Ntahangwa, Muha, Kanyosha. Sabuni za unga zina rangi ing'arishayo, kemikali inayofanya shati jeupe lionekane jeupe zaidi kwa kutoa buluu. Inakwenda na maji ya kufulia, na maji ya kufulia mara nyingi hutiririka pamoja na maji ya choo. Sampuli ya mto inayong'aa buluu isiyo ya kawaida inaweza kumwambia mtu wa manispaa ni mtaa gani uchunguzwe, kwa gharama ndogo kuliko kipimo cha vijidudu. Tatizo ni lilelile: udongo na majani navyo vinang'aa buluu, na mvua ya Aprili ikinyesha kule juu kwenye miteremko ya Mumirwa, mto mzima unawaka. Kuna njia ya kuvitenganisha. Pima sampuli, iweke chini ya taa ya urujuanimno kwa dakika chache, pima tena. Rangi ya sabuni inaharibiwa upesi na mwanga huo na mng'ao wake unaporomoka. Ule wa udongo na majani unapungua kidogo tu. Namba ya kuandika kwenye daftari ni tofauti kati ya vipimo hivyo viwili, na chupa ya kuchukulia sampuli isioshwe kwa sabuni ya unga.